Mapipa Kumi na Mawili, Tupu

Nianze na wivu kabisa, maana nikianza na moto mtanionea huruma, na huruma yenu siitaki. Nilimwonea wivu mdogo wangu. Wala si ule wivu wa nguo na viatu, wa kitoto, unaoisha jioni. Huu ni wa kumsikia mtu akicheka chumba cha pili, wewe chakula kikakushinda kumeza. Na mtu mwenyewe ni wa tumbo moja na mimi, kitinda mimba wa mama yetu, ndiyo maana nyumbani tukamwita Kitinda. Nimembeba mgongoni, nimemsuka nywele, nimemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye mchanga. Huyo huyo.

Kazini naitwa Mama Stoo. Stoo sikuizaa, lakini nimeilea miaka kumi na sita. Kiwanda chetu kinatengeneza betri za magari, na ukishazitoa betri zenyewe, vinavyobaki ni vitu vya kumtoa mtu roho: risasi ya kutengenezea mabamba, na asidi ya kumimina ndani. Kwenye stoo yangu mtu haingii bila viatu vya mpira, na haingii bila kunisalimia.

Asidi tunaiita Mama Mkwe. Jina alilitoa fundi mmoja wa zamani, kwamba unaisogelea kwa adabu, hupigi kelele mbele yake, na akikukasirikia alama haitoki. Inaletwa kwenye mapipa ya plastiki ya bluu, kali vilevile ilivyo, haijaguswa na tone la maji. Hiyo tunasema asidi tupu. Halafu wachanganyaji wanaipunguza ukali, polepole, asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, ndipo inakuwa maji ya betri. Kwa hiyo kwenye daftari langu Mama Mkwe ana hali mbili tu, naandika "tupu" au naandika "maji". Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake. Nani aniulize, na daftari nasoma mwenyewe?

Sasa kuna fomu. Kila mwaka, kabla mwezi wa pili haujaisha, kiwanda lazima kipeleke fomu ya kemikali. Inauliza una nini, kingi kiasi gani, kwenye chombo gani, kimekaa wapi, na likitokea la kutokea apigiwe nani. Nakala moja inakwenda ofisi ya mji, moja kituo cha zimamoto, moja inabaki kwetu. Kwa watu wa ofisini ni karatasi za kusumbuana. Kwangu mimi ndiyo ilikuwa siku ya kuonekana mtu.

Mwaka wa kwanza niliandika "risasi, tani tatu". Wee! Kesho yake asubuhi askari polisi wanne wako getini, wanataka waonyeshwe bunduki ziko wapi. Meneja anatetemeka, mimi nacheka mpaka machozi, nawaonyesha vipande vya madini vimelala sakafuni havina habari na mtu. Tangu hapo naandika "madini ya risasi", na tangu hapo mkuu wa kituo cha zimamoto ananijua. Nikimpelekea fomu ananivutia kiti mwenyewe. "Karibu, mama wa risasi, mwaka huu umetuletea nini?" Anasoma mstari kwa mstari, anauliza, najibu. Mwanamume mzima na nyota mabegani anauliza, na anayejibu ni mimi niliyeishia shule ya msingi. Mmeelewa nilichokuwa nakipenda? Basi.

Halafu Kitinda akamaliza chuo. Alisomea usalama wa viwandani, na katika viwanda vyote vya dunia hii, akaletwa kwetu.

Siku ya kwanza meneja alimzungusha kama mtu anayetembeza maharusi. Kavaa kofia ngumu nyeupe, mpya, bado ina harufu ya duka. Yangu ilikuwa ya njano, imepasuka ubavuni nikaiziba na gundi. Wakafika mlangoni kwangu. "Mama Stoo," meneja akasema, "ndugu yako huyu ndiye afisa usalama wetu. Mambo ya fomu sasa pumzika. Yeye kayasomea."

"Shikamoo dada," Kitinda akasema, na akapiga goti kidogo pale pale mbele ya watu, kama nyumbani.

"Marahaba," nikajibu. Moyoni nikasema, umenipigia goti na umeninyang'anya, vyote kwa pumzi moja.

Nyumbani ndiyo usiseme. Tulikuwa tunaishi watatu, mimi, yeye na mama. Picha yake ya joho la chuo ilitundikwa sebuleni juu ya redio, kwenye fremu ya dhahabu ya kudanganyia. Picha yangu ya pekee, ile niliyopigwa siku niliyoanza kazi, iko kwenye droo na betri za tochi zilizokwisha. Mgeni akija, mama ananyoosha kidole ukutani. "Huyu ndiye wa kazi za kitaalamu." Mgeni akiuliza na huyu je, mama anasema, "Huyu yuko stoo." Mama hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakuwa na nia yoyote.

Ulipofika mwezi wa pili, Kitinda akaja stoo na ubao wake wa kuandikia. Alipima, akahesabu, akaniuliza hiki na kile kwa heshima zote. Nilimjibu kwa neno moja moja, kama ninatozwa kwa kila neno. Mwishoni akasema, "Dada, naomba ufunguo wa banda la nyuma nikahakiki."

Niwaambie kuhusu banda la nyuma. Zamani lilikuwa la mapipa yaliyokwisha kutumika, yanayosubiri kurudishwa kwa waliotuuzia. Kitinda alilijua hivyo tangu akiwa mwanafunzi, alipokuwa akiniletea chakula cha mchana. Lakini katikati ya mwaka uliotangulia paa la stoo yangu lilianza kuvuja, na Mama Mkwe na maji ya mvua hawakai chumba kimoja. Nikahamishia huko mapipa kumi na mawili yaliyojaa. Nikaandika kwenye daftari: "Banda la nyuma, Mama Mkwe, 12, tupu." Na kwa kuyatazama tu, mapipa hayo hayana tofauti, rangi ileile, lebo ileile, liwe limejaa au limekwisha.

Ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu. Ningeweza kuutoa kwa mkono mmoja.

"Leo nina kazi," nikamwambia. "Njoo kesho."

Akaja kesho. Nikamwambia kufuli limeshika kutu, nimelitia mafuta, asubiri. Siku ya tatu akacheka, akanigusa bega. "Basi dada, nisikusumbue. Naandika kwa daftari lako. Daftari lako halijawahi kukosea."

Wiki ile ile akaniletea fomu nitie sahihi, maana sheria inataka mtunza stoo asome na athibitishe. Imechapwa kwa kompyuta, imenyooka, na ramani ya kiwanda imepakwa rangi, nyekundu hapa, kijani kule. Akaiweka mezani akaenda kupokea simu. Mimi nina tabia, nikisoma orodha natia nukta ya kalamu pembeni ya kila mstari, nisiruke. Nikaanza. Madini ya risasi, nukta. Maji ya betri, nukta. Dizeli ya jenereta, nukta. Nikafika mstari wa saba: "Banda la nyuma: mapipa matupu 12. Hakuna hatari." Na kwenye ramani, banda la nyuma kalipaka kijani.

Nikatia nukta. Nikasoma tena. Nikatia nukta ya pili bila kujua.

Nitawaambia nilichohisi, na mnione mnavyotaka. Nilihisi utamu. Moto mtamu ulianzia tumboni ukapanda mpaka masikioni. Msomi wangu! Mwenye joho lake! Kasoma "tupu" akadhani mapipa hayana kitu. Kila mtu pale anajua kwamba mwezi wa nne wakaguzi wanazunguka viwandani na fomu mkononi, wanafungua kila mlango. Nikawaona wakifungua banda, wakilisukuma pipa kwa mguu na pipa likigoma. Nikamwona meneja akigeuka, "Afisa, nini hiki?" Nikamwona Kitinda na kofia yake nyeupe hana pa kuiweka sura. Na halafu sauti ikisema, aitwe Mama Stoo.

Wiki sita tu. Nani atakufa kwa wiki sita? Nilijiuliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nikatia sahihi. Ukurasa wa mwisho sikuufunua hata, kwa jinsi nilivyokuwa na furaha.

Msidhani sikujaribu kurudi nyuma. Siku ya tano nilishindwa kuvumilia, nikasema leo jioni namwambia, yaishe. Tumekaa mezani, mama anapakua, Kitinda akaingia mbio na mkoba begani, nimefungua tu mdomo akaniwahi. "Mama! Dada! Nimepeleka fomu zimamoto. Mkuu wa kituo amesema hajawahi kuletewa fomu safi kama hii. Ameibandika ramani yangu ukutani! Na alivyo mtu wa heshima, amenivutia kiti mwenyewe."

Kiti changu.

"Umeona?" mama akaniambia mimi, si yeye. "Kazi ya mtu aliyesoma hiyo."

Nikafunga mdomo. Nikala tonge moja, nikanywa maji, nikasema nimeshiba.

Moto ulitokea Jumamosi moja kabla wiki sita hazijaisha, saa tisa mchana. Jumamosi kiwanda kinafungwa saa saba, mimi niko nyumbani uani nafua, mama kalala. Kitinda alibaki kazini kupanga majalada yake. Kiherehere, nilisema moyoni, hata Jumamosi lazima aonekane. Simu yangu ikaita. Namba ngeni. Namba ngeni sipokei, na mikono ina povu. Ikaita tena. Nikaiangalia ikicheza juu ya jiwe la kufulia mpaka ikanyamaza. Ikaita mara ya tatu nikaigeuza kifudifudi.

Mara ya nne ilikuwa namba ya mlinzi. Hiyo nikapokea.

"Mama Stoo, kiwanda kinaungua! Maboksi! Maboksi ya kufungia betri!"

Yale maboksi yamepangwa ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo ni banda la nyuma. Sikumbuki kukata simu. Nakumbuka nimekimbia na kanga imelowa povu, kiatu kimoja cha kwangu na kimoja cha mama, watu barabarani wanaita, vipi, nani kafa? Sikuwa na pumzi ya kuwajibu, na jibu lenyewe nilikuwa naliogopa.

Magari mawili ya zimamoto yalikuwa ndani ya geti. Moshi mweusi, mzito, unanuka plastiki. Mkuu wa kituo amesimama juu ya ngazi ya gari, mkononi ana jalada, ameifunua ile ramani yenye rangi. Anapiga kelele kwa watu wake: "Pitieni banda la nyuma! Kijani! Mapipa matupu! Vunjeni mlango, yatoeni njiani, mwagieni ukuta kutokea huko!"

"Si matupu!" nikapiga ukelele. "Mkuu! Si matupu! Ni tupu!"

Akageuka. Akanitambua. "Mama wa risasi! Nimekupigia mara tatu!"

"Ni tupu! Tupu!"

"Ndiyo, tumeona ni matupu, sogea nyuma..."

"Aka! Si mapipa yaliyo matupu! Asidi ndiyo tupu! Tupu, haina maji! Mapipa yamejaa mpaka mdomoni! Ukiyamwagia maji yanakuchemkia usoni!"

Kuna neno moja katika lugha hii na mimi nimelitumia miaka kumi na sita kwa maana yangu peke yangu. Siku ile nililirudia mara ngapi sijui, na kila nikilisema yule baba alisikia kinyume chake. Mwishowe nikamshika mkanda, nikamtingisha. "Yamejaa! Yamejaa! Yamejaa!"

Uso wake ukabadilika rangi. Akachukua redio yake. "Zima maji nyuma! Zima maji! Wote nje!" Halafu akaniangalia. "Afisa wenu ameingia nao. Alisema mapipa matupu ni mepesi, atasaidia kuyaviringisha."

Jamani.

Nilifika kwenye kona ya banda na nikasikia kabla sijaona. Mlio kama wa kikaango kilichodondokewa na maji, ila mara mia. Pipa moja lilikuwa limelainika kwa joto la ukuta, kifuniko kimelegea, na bomba la maji lilikuwa limeshapita juu yake kabla redio haijasema. Mvuke mweupe ukatoka mlangoni, na ndani ya mvuke askari wawili, na katikati yao Kitinda, kofia nyeupe imeanguka, anaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia na halii. Kama angelia ningejua la kufanya.

Nilimkamata kiunoni nikamburuta mpaka kwenye bomba la dharura, lile la kuogea, nikalifungua lote. Mama Mkwe akikuramba, dawa ni maji mengi, mengi, bila kuhesabu. Nikachana mkono wa shati. Nikaushika mkono wake chini ya bomba, maji yanatupiga wote wawili, na ngozi yake sitawaelezea.

"Dada," akasema, meno yanagongana. "Pipa halikusukumika. Nilijaribu kulisukuma halikusukumika."

"Nyamaza."

"Si uliandika tupu?"

"Niliandika tupu."

Nikaona linavyomwingia, neno lile, polepole, akiligeuza upande huu na upande ule. "Asidi tupu," akasema. "Kumbe. Mjinga mimi."

Mjinga mimi, alisema. Yeye.

Zimamoto walileta mchanga na povu, moto ukazimika kabla ya magharibi. Hakufa mtu. Askari mmoja alipata malengelenge shingoni. Mkono wa Kitinda ulikaa kwenye bandeji miezi mitatu, na kidole kidogo mpaka leo hakinyooki. Mama alishinda hospitali. Siku ya pili akaitoa picha ya ukutani akaenda nayo, akaisimamisha kwenye kabati la kitanda. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipouona ule msumari mtupu ukutani sikufikiria mkono wa mdogo wangu kwanza. Nilifikiria picha yangu ya kwenye droo. Ilikuwa sekunde moja tu, lakini niliihesabu.

Kikao kilikaa wiki mbili baadaye, ofisini kwa meneja. Meneja, mkuu wa zimamoto, Kitinda na mkono wake uliofungwa kitambaa shingoni, na mimi. Mkuu aliweka mezani nakala yake ya fomu, imelowa na kukauka. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nimevaa nguo ya heshima, nimewaaga watu wa stoo bila kuwaambia kwamba nawaaga.

Mkuu akafunua ukurasa wa mwisho kwanza. "Nilifuata fomu," akasema. "Hapa imeandikwa, kukiwa na dharura apigiwe huyu, na chini afisa kaongeza kwa mkono: 'Anazijua kemikali hizi kuliko mtu yeyote hapa, nikiwemo mimi.' Nikapiga mara tatu." Akanisukumia karatasi. Namba yangu. Jina langu, kwa mwandiko wa Kitinda, ile herufi ya kwanza yenye mkia niliyomfundisha kwa kijiti.

Nilikuwa nimejiambia kwamba kanifuta. Miezi yote ile. Na nilikuwa ukurasa wa mwisho, ambao sikuufunua.

Nikafungua mdomo. Kitinda akawahi.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilisoma daftari vibaya, na sikuhakiki banda kwa macho yangu. Dada nilimpa fomu haraka haraka atie sahihi, sikumwachia muda wa kuisoma. Alinisainia kwa kuniamini."

"Ni kweli, Mama Stoo?" meneja akauliza.

Wote wakanitazama. Na mimi, niliyekimbia na viatu viwili tofauti, niliyemshika mkuu wa zimamoto mkanda, nikaishiwa nguvu mbele ya ile kauli moja. "Ni kweli," nikasema.

Akapewa barua ya onyo. Kuhusu fomu, meneja akasema kuanzia sasa irudi kwa anayeijua kazi. Alisema huku ananitazama kwa heshima. Ndivyo nilivyokipata nilichokuwa nakitaka, chote, hata kiti.

Mwaka ukazunguka. Mwezi wa pili tena, niko stoo, paa jipya halivuji, kofia ya njano juu ya meza. Nimeijaza fomu kwa mwandiko wangu, neno "tupu" sikuliandika popote. Nimeandika "asidi kali, haijachanganywa na maji, mapipa yamejaa". Kitinda akaingia. Siku hizi anavaa mikono mirefu hata kwenye joto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akavuta kigoda akakaa. Akatoa kwenye bahasha ile fomu ya mwaka jana, ile iliyolowa. Mkuu alikuwa amemrudishia. Akailaza mezani mbele yangu, akaweka kidole, kile kisichonyooka, pembeni ya mistari. Wino ulikuwa umevuja lakini unaonekana. Nukta, nukta, nukta. Mstari wa saba, mbili.

"Mkuu aliniuliza siku ile kabla ya kikao," akasema. "Kwamba nani alitia nukta hizi, maana aliyezitia amesoma kila mstari. Nikamwambia ni zangu."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama kile kidole. Nilitaka kusema nisamehe, na neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini mbele yake lilitangulia lingine, na nitalisema kwa sababu nimeanza nalo: wivu. Wivu ulinishika pale pale kwenye kiti changu. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, akakaa nayo mwaka mzima, kwenye meza moja ya chakula na mimi, ananisalimia asubuhi na jioni. Mimi nilishindwa kukaa na fomu siku tano. Hata uongo, mimi niliutumia kumwangusha na yeye akautumia kunishika nisianguke. Kanishinda na kwenye hilo.

"Nisamehe," nikasema baadaye.

Alivuta fomu mpya, yangu, akachukua kalamu yangu ya mezani, akaanza kusoma. Madini ya risasi, akatia nukta. Maji ya betri, nukta. Dizeli, nukta. Alisoma taratibu, midomo inacheza kidogo, kama alivyokuwa akisoma udogoni nikimsimamia. Nilikaa mikono mapajani nikisubiri, kama mtoto anayesahihishiwa daftari.

Akafika mstari wa banda la nyuma. Akatia nukta. Akausoma tena, akatia ya pili, akainua macho.

"Yamejaa, dada?"

"Yamejaa," nikasema.

Akaninyooshea mkono ulio mzima. "Naomba ufunguo."

Nikautoa kiunoni nikampa.